Shajara ya mradi: sanduku la manyunyu na vyura wa Kihansi

Siku ya 1

Leo nimeanza rasmi. Mradi wenyewe uko hivi, natengeneza sanduku la kioo lenye manyunyu, mfano mdogo wa korongo la mto Kihansi chini ya maporomoko, alafu nalipitisha kwenye yale yote ambayo lile korongo lilipitia: maji mengi, maji kukatwa, maji kurudishwa kwa mabomba, tope kushuka. Hakuna chura atakaeingia humo, hata mmoja, nasema mapema kwasababu nimeshaulizwa mara tatu. Natumia ule uoto mfupi laini kama zulia unaoota kwenye mawe mabichi na kwenye kuta zinazovuja maji, maana chura wa Kihansi alikua anaishi juu ya zulia la namna hiyo, na zulia likifa yeye hana pa kukaa.

Kwanini Kihansi? Kwasababu nimechoka kusikia wale vyura wanatajwa kama mfano wa hela iliyopotea. Ukitaja tu Kihansi mtu anakwambia si wale vyura waliopandishwa ndege kwenda Marekani, na mazungumzo yanaishia hapo, hakuna anaeuliza ilikuaje mpaka wakapandishwa ndege. Mimi nataka mtu asimame mbele ya sanduku dakika kumi aone kwa macho yake. Likikamilika nalizungusha kwenye shule, na kila hatua itakua na karatasi ya maelezo kwa Kiswahili pembeni, sio Kiswahili cha kutafsiri, Kiswahili ambacho mtoto wa darasa la sita atakisoma akakielewa.

Nilivyo navyo: tangi la kioo la samaki lililokua linakaa tu stoo, pampu ndogo, mpira wa maji mita sita, nozeli kumi za kutoa ukungu, silikoni, na mawe.

Siku ya 3

Naweka hapa maelezo ya msingi ili nisirudi rudi.

Mto Kihansi unashuka toka milima ya Udzungwa kuelekea bonde la Kilombero, mpakani mwa Iringa na Morogoro. Pale unapodondokea korongoni maji yalikua yanapiga miamba kwa nguvu hadi yanageuka vumbi la maji, usiku na mchana, masika na kiangazi, na lile vumbi likalea maeneo oevu yaliyoning'inia kwenye mteremko mkali, kijani mwaka mzima. Jumla yake kama hekta 2. Yaani viwanja vya mpira havifiki vitatu. Na humo ndimo alimoishi Nectophrynoides asperginis, chura wa Kihansi, hakuna pengine popote duniani alipowahi kuonekana.

Ni mdogo mno. Jike hafiki sentimita 3, dume hafiki 2. Rangi yake manjano iliyokolea kidogo kama haradali. Na kitu ambacho wengi hawakijui, huyu chura hatagi mayai kwenye dimbwi, anazaa. Watoto wanakulia tumboni mwa mama, wakitoka wanakua vyura kamili wa milimita 5 hivi, unaweza ukamweka mmoja juu ya ukucha wa kidole kidogo na nafasi ikabaki. Kwahiyo hana hatua ya kuogelea dimbwini, hana akiba ya maji pembeni, maisha yake yote toka anazaliwa yanategemea ule ukungu.

Aligunduliwa 1996 kwenye utafiti wa mazingira uliofanyika huku ujenzi wa bwawa umeshaanza. Hilo naliandika kwa herufi kubwa kwenye karatasi ya kwanza. Bwawa lilishaanza ndipo chura akajulikana.

Bwawa lilipokamilika, mwanzoni mwa 2000, maji mengi yakaelekezwa kwenye handaki la kituo cha kufua umeme, megawati 180, na kwenye maporomoko yakabaki kama asilimia 10 tu ya yale ya zamani. Sisemi umeme ule haukuhitajika, nchi ilikua gizani na mimi mwenyewe naandika haya kwa taa ya umeme. Ninachosema ni kwamba ule umeme ulikua na gharama iliyokua inaishi kwenye hekta 2, na gharama hiyo ina jina.

Siku ya 6

Nozeli kumi, nimezipanga makusudi ziwe kumi. Siku ya kukata maji nafunga tisa naacha moja, mtoto haitaji kufundishwa asilimia, anahesabu tu.

Tangi linavuja kona ya chini kulia. Nimempigia fundi bomba wa mtaani, mzee mmoja mtaratibu sana, akaja akaliangalia akasema "mama, hii silikoni umeipaka juu ya vumbi, haishiki, kwangua yote uanze upya." Nikakwangua yote. Masaa mawili na wembe. Alipojua ni la nini akakaa kwenye ndoo akaniuliza maswali ya kweli, mabomba ya kule Kihansi yanapataje presha, yanasukumwa na nini, nani anasafisha nozeli zikiziba. Nimeyaandika maswali yake yote, ntayarudia.

Siku ya 11

Zulia limeshika. Nililitoa kwenye ukuta wa simtanki la jirani, pale bomba linapodondosha maji miaka na miaka, nikalikata vipande kwa kisu butu na udongo wake mwembamba wa chini nikalilaza juu ya mawe. Siku tatu za kwanza lilikua limenyong'onyea, leo limesimama. Ukiinamisha uso hadi karibu na kioo unaona kila kijani kimoja kimebeba tone kwenye ncha, na tone likijaa linateleza linaingia kwenye tumba la chini yake, hilo nalo linajaa linateleza, yaani maji yanashuka kwenye zulia kama watu wanaopokezana ndoo. Nimekaa hapo hadi chai ikapoa. Sasa fikiria mnyama wa milimita 5 akiwa katikati ya hayo matone, kwake yeye hilo zulia ni msitu.

Siku ya 12

Umeme ulikatika saa nne usiku ukarudi alfajiri, pampu ikalala na zulia lote likawa limekauka juu juu. Halijafa lakini nilishtuka. Hapo ndo swali la fundi likarudi, mabomba ya Kihansi yanasukumwa na nini. Jibu ni kwamba hayasukumwi. Ule mfumo wa kunyunyizia uliowekwa korongoni kati ya 2000 na 2001 unategemea maji kushuka yenyewe toka juu kwa mwinuko, bila pampu. Walikua sahihi kabisa, sehemu kama ile ukitegemea mashine, siku mashine ikigoma umepoteza kiumbe.

Kwahiyo nabadilisha. Pampu inatoka, ndoo ya lita 20 inapanda juu ya kabati.

Siku ya 15

Presha ya ndoo ni ndogo, nozeli zinadondosha matone badala ya kutoa ukungu. Nimepandisha ndoo hadi kwenye kenchi za dari, fundi kanisaidia kuifunga kwa waya, na nimebadilisha nozeli nikaweka zenye tundu kubwa kidogo. Sasa inatoka kama mvua ya rasharasha. Sio ukungu wenyewe ila inatosha. Naijaza mara tatu kwa siku.

Siku ya 18, hatua ya kukata maji

Saa moja asubuhi nimefunga tisa.

Sauti ndo kitu cha kwanza kilichobadilika. Siku zote hizo kulikua na kasauti ka shshsh chumbani nimekazoea, nilipofunga pakawa kimya, nikajikuta nimesimama katikati ya chumba natafuta kilichopungua. Nimesoma kwamba chura wa Kihansi hana sikio la nje, nikawaza alivyozoea kuishi ndani ya mngurumo wa maporomoko. Alafu siku moja mngurumo ukapungua.

Siku ya 23

Siku ya tano bila maji ya kutosha. Chini ya ile nozeli moja kuna duara la kijani la upana wa sahani, nje ya hapo rangi inafifia, kijani, kijani cha njano, alafu kahawia. Ncha zimejikunja kwa ndani. Ukigusa pembezoni panakwaruza.

Na leo asubuhi nimekuta sisimizi. Sijawahi kuwaona humo toka nianze, leo mstari mzima umepanda toka dirishani ukapita kwenye ukingo uliokauka mpaka pale unyevu unapoanzia, hapo wanageuka. Nilibaki nawaangalia kwasababu kule Kihansi hivi ndivo ilivyokua kwa siafu, maeneo yalipokauka siafu waliingia, sehemu ambayo zamani maji yalikua yanawazuia. Kwahiyo chura aliyepungukiwa maji akaongezewa na adui. Sikulipanga hili liwepo kwenye maonyesho, sasa litakuwepo.

Siku ya 27, maji yamerudishwa

Nozeli kumi zimefunguliwa. Nimeweka kando ya sanduku karatasi ya pili yenye maelezo haya: wakati maji yamepungua kule, mwishoni mwa 2000, vyura karibu 500 walichukuliwa wakapelekwa Marekani kwenye bustani ya wanyama ya Bronx, New York, na baadae wengine wakawa Toledo, Ohio. Hiyo ndo ndege maarufu. Haikua starehe, ilikua ni kuokoa mbegu nyumba ikiungua. Na hata huko haikua rahisi, kuna kipindi walipukutika hadi wakabaki chini ya 100, watunzaji ikabidi wajifunze upya mwanga gani wanataka, chakula gani, minyoo gani inawasumbua, na taratibu idadi ikapanda tena.

Na huku korongoni mabomba yalifanya kazi. Hii sehemu huwa inarukwa na wanaosimulia. Zulia lilirudi, vyura wakaongezeka, na kufikia Juni 2003 makadirio yalikua karibu vyura 20,000 kwenye lile eneo dogo. Ungekuwepo Juni ile ungesema imeisha, tumeshinda.

Siku ya 33

Kijani kinarudi kwenye sanduku. Sehemu ambazo zilikua kahawia zinatoa vichipukizi vipya toka chini, vidogo, rangi ya limao. Robo hivi imekufa kabisa. Sina la kuongeza, naendelea kujaza ndoo.

Siku ya 36, tope

Hii ndo hatua niliyoanzisha mradi kwa ajili yake.

Bwawa lolote linakusanya tope. Mto unakuja na udongo wa kila shamba lililoko juu, ukifika kwenye maji yaliyotulia unatua chini, na kila kitu kilichokua kimegandia kwenye ule udongo kinatua nao, ikiwemo dawa za wadudu za mashambani. Ikifika wakati inabidi milango ya chini ifunguliwe tope litoke. 2003 milango ya bwawa la Kihansi ilifunguliwa kusafisha mashapo, na mashapo yale yalikua na dawa zilizotumika kwenye mashamba ya mahindi huko juu, endosulfani ikitajwa miongoni mwake. Endosulfani ni ile ambayo 2011 iliingizwa kwenye Mkataba wa Stockholm ili iondolewe duniani, kwasababu inakaa mda mrefu kwenye mazingira na inapanda toka mdudu kwenda kwa anaemla. Watu tukisikia uchafuzi wa sekta ya nishati tunawaza moshi na mafuta yaliyomwagika. Umeme wa maji tunauita msafi, na moshi kweli hautoi, ila bwawa linaweza kukusanya uchafu wa bonde zima miaka kadhaa alafu likauachia siku moja.

Mimi dawa sijaweka na sitaweka, hii kitu itasimama mbele ya watoto. Nimechota tope la kawaida chini ya mtaro, nikalikoroga kwenye ndoo, nikalipitisha kwenye kitambaa ili lisizibe nozeli zote, nikaliachia.

Dakika ya nne nozeli mbili zimeziba hata hivyo. Dakika ya kumi maji yanayodondoka ni rangi ya chai ya maziwa. Nimefungulia ndoo moja tu alafu nikarudi kwenye maji safi kama kawaida.

Siku ya 37

Nilitegemea maji safi yataosha lile tope lote usiku kucha. Halijaoshwa. Juu juu kijani kinaonekana, mtu akisimama mlangoni atasema pako salama. Lakini ukipanua zulia kwa vidole tope limeshuka katikati ya mashina limetulia humo, na manyunyu yanavyodondoka juu yanalikandamiza zaidi.

Siku ya 38

Jumamosi. Binti wa kaka yangu amekuja, yuko darasa la tano. "Shikamoo shangazi." "Marahaba, njoo uone." Nikamsimulia toka mwanzo, alikua anasikiliza huku anahesabu nozeli. Alafu akauliza, "Shangazi, sasa si maji yamerudi? Na ni masafi. Chura si atakaa tu?"

Nilitaka kumjibu kwa maneno nikasita. Nikachukua tishu, nikaikata vipande viwili vya ukubwa wa stempu, nikamwambia hii ndo ngozi ya chura. Maana chura hanywi maji kwa mdomo kama sisi, anakunywa kwa ngozi, hasa ya tumbo la chini na mapaja, anajilaza mahali penye unyevu na maji yanaingia. Hewa pia sehemu yake anaivuta kupitia ngozi. Kwahiyo hana mlango wa kufunga, kilichopo chini yake kinaingia.

Kipande cha kwanza akakilaza kwenye kona ambayo sikuifikishia tope. Kikalowa, akakiinua, ni cheupe. Cha pili akakilaza katikati, pale panapoonekana kijani kizuri kabisa. Akahesabu hadi thelathini akakiinua. Kahawia, na punje nyeusi nyeusi.

Alikaa kimya kidogo akasema "kwahiyo alikua anakunywa hiyo."

Vile vipande viwili nimevikausha nimevibandika kwenye karatasi nyeupe. Hicho ndo kitu cha katikati cha maonyesho sasa, tangi linakuja la pili.

Siku ya 41

Nimepitia upya karatasi ya tatu nimelazimika kuiandika tena, na nasema wazi kwasababu sitaki kupotosha mtu. Nilikua nimeandika kana kwamba tope peke yake ndo liliua vyura wa Kihansi. Sio hivo. Kilichowekwa mbele na wataalamu ni kuvu, aina ya kitridi, Batrachochytrium dendrobatidis, yule yule aliyemaliza vyura sehemu nyingi za dunia. Vyura waliokufa korongoni 2003 walikutwa nao. Huyu kuvu anaishi kwenye ngozi, anaifanya nene na mbovu, chumvi za mwilini zinavurugika na mwishoni moyo unasimama. Yaani anashambulia pale pale, kwenye ule mlango usiofungika.

Ilienda haraka mno. Juni 2003 karibu 20,000, miezi miwili mitatu baadae wameanguka, Januari 2004 walionekana vyura watatu tu na madume wawili wakasikika wakiita. Watatu. 2009 akatangazwa rasmi kwamba ametoweka porini.

Sasa karatasi inasema hivi: maji yalipunguzwa, adui waliingia, maji yakarudishwa, tope lenye dawa likashuka, kuvu akafika, yote haya kwenye hekta 2 ndani ya miaka minne. Kuvu ndo aliyepiga la mwisho. Lakini kundi lililokua limebanwa sehemu ndogo, linaishi kwa kutegemea mabomba, na dawa za wadudu zinajulikana kwamba zinaweza kushusha kinga ya ngozi ya chura, kundi hilo halikua na pa kurudi nyuma. Mimi hiyo ndo nataka mtu aondoke nayo, kwamba kuhesabu maji peke yake hakutoshi, inabidi uulize maji yamebeba nini na nani amepita hapo na viatu gani.

Viatu ni kweli kabisa. Kuvu anasafiri kwenye matope ya viatu na vyombo vyenye unyevu, ndo maana watu wanaofanya kazi na vyura wanasugua na kutia dawa buti kabla ya kutoka eneo moja kwenda jingine. Nimeongeza brashi na beseni kando ya tangi, kila mtoto atasugua soli kabla hajasogea.

Siku ya 44, trei ya chumvi

Nimeongeza kitu ambacho hakikua kwenye mpango. Mtu mmoja aliyeona picha za sanduku aliniuliza, je mafuta na gesi na makaa ya mawe, navyo vinagusa vyura? Vinagusa sana, na kwa njia ambayo haitegemei mafuta kumwagika.

Kisima cha mafuta kinatoa maji pamoja na mafuta, maji ya zamani sana toka chini ya miamba, na mara nyingi yana chumvi kali. Bahari ina gramu 35 hivi za chumvi kwenye lita. Kwenye bonde la Williston, Marekani, eneo la Montana na North Dakota, maji hayo yanaweza kuwa na chumvi mara kadhaa ya bahari. Zamani yalimwagwa kwenye mashimo pembeni ya visima, mashimo yakafukiwa, watu wakaondoka, na chumvi ikaendelea kutembea chini ya ardhi taratibu hadi kwenye vidimbwi vya jirani, ambako vyura na salamanda, jamaa za vyura wenye mikia, wanazaliana. Miongo imepita na bado ipo. Watafiti waliohesabu huko waliona kadiri kloraidi, yaani sehemu ya ile chumvi, inavyopanda ndivyo idadi ya amfibia, yaani vyura na jamaa zao, inavyoshuka. Tope unaweza kulichota, dawa zinaoza hata kama ni polepole, ila chumvi haiozi, inahama tu. Na kwa kiluwiluwi chumvi ni mateso ya moja kwa moja, maji yanatoka mwilini mwake badala ya kuingia, anatumia nguvu zote kubaki hai na za kukua hazibaki.

Makaa ya mawe nayo yana majivu, yanamwagwa kwenye mabwawa ya kutulizia yakiwa na seleniamu, aseniki na metali nyingine. Kwenye eneo la Savannah River huko South Carolina viluwiluwi wa chura mkubwa aina ya bullfrog walikutwa wamepungukiwa safu za meno madogo ya mdomoni, yale wanayokwangulia chakula, na wengine mikia na migongo imepinda. Sasa kiluwiluwi asiye na cha kukwangulia atakula nini.

Kwahiyo nimechukua trei, zulia kipande cha kiganja, maji lita 1 na chumvi gramu 35, yaani bahari ya kawaida tu, nanyunyizia asubuhi na jioni.

Siku ya 47

Trei ya chumvi imeisha. Siku tatu. Haikukunjamana kama ile iliyokosa maji, imebaki na umbo lake ila imekua rangi ya majani makavu, na imelowa. Hiyo ndo iliyonisumbua, imekufa huku imelowa. Juu yake imeanza kufanya chembe nyeupe.

Nimeanza kuinyunyizia maji safi nione.

Siku ya 52

Fundi amepita kuangalia nozeli zake. Tumezivua zote kumi tukazisafisha kwa sindano, tumeweka chujio mbili, moja kwenye ndoo moja kwenye mpira. Alisoma karatasi zote tatu kwa kidole, mstari kwa mstari, alafu akaniuliza kama wale vyura walirudi. Nikamwambia ndio. 2010 kundi lilirudishwa toka Marekani hadi maabara ya Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, wakazaliana hapa hapa, na 2012 wa kwanza wakaachiwa tena korongoni, ikawa mara ya kwanza duniani kwa amfibia aliyetangazwa kutoweka porini kurudishwa kwao. Akasema "na yale mabomba?" Nikamwambia yapo, bila mabomba hawakai. "Basi aliyepo kule anaesafisha nozeli," akasema, "huyo ana kazi kubwa kuliko waziri."

Nimeandika karatasi ya nne kwa ajili ya huyo mtu.

Siku ya 59

Trei ya chumvi bado haijatoa hata chipukizi kimoja, siku kumi na mbili za maji safi. Maji yanayotoka chini yake nikiyaonja kwa ncha ya ulimi bado yana chumvi.

Sanduku kubwa linaendelea vizuri zaidi. Sehemu ya tope vichipukizi vimetoboa katikati ya udongo, sio kila mahali, ukanda wa mbele bado mweusi. Kila Jumamosi binti wa kaka anakuja anakata tishu yake anailaza pale pale katikati, anahesabu thelathini, anaiinua, anaandika tarehe kwa penseli nyuma na anaibandika chini ya ile ya kwanza. Sasa ziko nne. Ya kwanza kahawia nzito, ya pili kahawia, ya tatu nimeona kama imepauka yeye akasema hapana, ziko sawa. Ya leo ina doa upande mmoja tu, kama pembe ya stempu imeguswa na chai. Aliiangalia kwenye mwanga wa dirisha akaniuliza kama sasa inatosha, nikamwambia mimi sio chura, akasema basi tuendelee, na kabla hajaondoka akajaza ndoo.